HIMA YA SAYYIDNA UMAR NA MISITU YETU YA USAMBARA: NANI AFUNGIWE, NANI AFUNGULIWE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa ya leo ni ndefu. Mwenye haraka aiweke, aisome baada ya Isha akiwa ametulia. Nimeiandika kwanza kwa watu wa Mlola, kisha Lushoto yote, kisha kila Muislamu anayeishi kando ya msitu au anayepikia kuni na mkaa uliotoka msituni. Kwa hiyo na wewe wa mjini umo.

Tangu tulipoanza kuzungumzia misitu, jumbe ninazopokea ni za aina mbili. Wa kwanza huniambia: "Sheikh, Allah ametuumbia sisi vyote vilivyomo ardhini, iweje ninyimwe mti kwa ajili ya nyani?" Wa pili, aghalabu ndugu zetu waliosoma na wanaoishi Tanga au Dar es Salaam, huniambia: "Sheikh, waambie hao wa milimani watoke msituni. Wanamaliza viumbe ambao hawapatikani popote duniani."

Nasema wazi: wote wawili wamekosea. Wa kwanza ameshika aya moja akaacha zilizobaki. Wa pili ameona mti na mnyama, hakumuona mama mwenye mtoto mgongoni. Na dini yetu ilishaitolea hukumu kesi hii zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, sisi ndio tumeiacha kwenye makabati.

MANENO MAWILI YA WAZEE

Wazee wetu wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili mazito: kuzifya shi na kubana shi. Kuzifya shi ni kuiponya nchi, ikapata mvua, chakula na utulivu. Kubana shi ni kuiharibu, ikaja njaa na ugomvi. Yale ya kuomba mvua kwa waganga na watawala tunayaacha, kwa sababu mvua ni ya Allah peke yake. Lakini angalieni hekima iliyobaki. Wazee hawakutenganisha udongo na uadilifu. Kwao nchi iliharibika kwa jua kali, na iliharibika vilevile wakubwa walipogombana na kudhulumu.

Hayo ndiyo tunayoyakuta katika Qur'ani. Katika Surat al-A'raf aya ya 56, Allah anatukataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Katika Surat ar-Rum aya ya 41 anatueleza kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mikono ya watu, ndugu yangu. Hakutajwa nyani pale.

KWANZA: KWA ANAYESEMA "VYOTE NI VYETU"

Ni kweli, Surat al-Baqara aya ya 29 inasema Allah ameumba vyote vilivyomo ardhini kwa ajili yetu. Lakini mbele kidogo tu, aya ya 30, mwanadamu anatajwa kuwa khalifa. Khalifa ni mtu aliyeachiwa kazi, na aliyeachiwa kazi ataulizwa. Umeachiwa duka la mwenzio, unauza mpaka mizani na rafu, kisha unasema "aliniachia"?

Na Surat al-An'am aya ya 38 inatufundisha kwamba mnyama atembeaye ardhini na ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma mfano wetu. Umma! Neno lile lile tunalojiita sisi kwa fahari. Katika Bukhari na Muslim kuna habari ya Nabii mmoja aliyeumwa na chungu, akaamuru kijiji kizima cha chungu kichomwe moto. Allah akamlaumu: chungu mmoja ndiye aliyekuuma, nawe umechoma umma unaonisabihi. Sasa wewe unayewasha moto kusafisha shamba, ukapanda mlimani na kuteketeza msitu, umeshajiuliza umechoma umma ngapi?

Na milima hii si milima ya kawaida. Usambara imo katika safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa. Misitu yake imekaa mbalimbali kama visiwa kwa muda mrefu mno, kwa hiyo humo wamo viumbe ambao Allah hakuwaweka pengine. Kuna ndege mdogo ambaye wataalamu wanamjua kutoka misitu ya Usambara Magharibi tu, hii yetu, na hakuna nchi nyingine ya kumtafuta akimalizika hapa. Kuna vinyonga wa milima hii peke yake. Kiumbe aliyewekwa mahali pamoja tu duniani, na wewe ukawekwa jirani yake, maana yake wewe ndiye uliyekabidhiwa. Siku ya Kiyama ataulizwa mtu wa Mlola na wa Magamba, hataulizwa mtu wa Singida.

Halafu kuna maji. Mto Umba unaanzia kwenye milima hii, unashuka hadi tambarare ya chini na kwenda baharini karibu na mpaka wa Kenya. Njiani una watu, ng'ombe na mashamba. Ukikata msitu wa juu, hukukata cha kwako. Umemkatia maji mtu ambaye hujawahi kumuona, na ambaye mvua kubwa za masika zitampelekea tope la mlima wako. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mshirika hachukui fungu la mwenziwe usiku.

Nimesema usiku kwa makusudi. Nyote mnajua msumeno unalia saa ngapi. Msitu wa hifadhi ni mali ya umma, na kuchukua mali ya umma kwa siri kuna jina katika sheria yetu: ghulul. Baada ya vita vya Khaybar alikufa mtu aliyekuwa akimhudumia Mtume (s.a.w.), watu wakamhongera kwa shahada. Mtume akawakatalia, akawaambia shuka aliyoichukua kwenye ngawira kabla ya kugawiwa inamuwakia moto. Akaja mtu na kamba za viatu kuzirudisha kwa hofu. Kamba ya kiatu! Wewe umetoa gogo zima la mkulo au la mwangati, miti ambayo babu yako aliikuta ikiwa mikubwa.

PILI: KWA ANAYESEMA "WATU WATOKE, WANYAMA WABAKI"

Sasa nakugeukia wewe ndugu yangu wa pili. Usifurahi mapema.

Uislamu unayo hifadhi, na inaitwa hima. Waarabu wa Jahiliyya walikuwa na hima: mkubwa wa kabila alijitengea malisho mazuri, wengine wakafukuzwa. Mtume (s.a.w.) aliivunja ile ya wakubwa, akafundisha kwamba hima ni ya Allah na Mtume wake tu, yaani kwa maslahi ya umma, si ya tumbo la mtu. Na Madina yenyewe aliifanya haram, miti yake haikatwi ovyo wala wanyama wake hawawindwi. Kwa hiyo anayesema hifadhi ni jambo la wazungu hajasoma.

Lakini hima iliendeshwaje? Hapa ndipo penye darsa yenyewe.

Bukhari amepokea kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alimweka mtumishi wake, Hunayy, kuwa msimamizi wa hima. Angalia alimwagiza nini. Hakuanza na orodha ya faini. Alimwambia awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa maana hiyo hujibiwa. Kisha akamwambia amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan. Hao ni Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan, masahaba wakubwa, matajiri, waliobashiriwa Pepo! Sababu aliitaja: mifugo ya hawa ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Yule masikini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kwa Amirul Muuminina akilia, na haiwezekani kumuacha. Maji na majani ni mepesi kuyatoa kuliko dhahabu na fedha za kuja kumlisha.

Na akaongeza jambo ambalo mimi kila nikilisoma nasimama. Alikiri kwamba wenyeji wanaona amewadhulumu, kwa kuwa ardhi ile ni nchi yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa juu yake. Akaapa kwamba isingekuwa haja ya wanyama wa kubebea watu katika njia ya Allah, asingewafungia hata shibiri moja.

Hiyo ndiyo hifadhi ya Kiislamu, ina mambo matatu: ina sababu ya kweli ya umma, inamkubali mwenyeji kuwa ni mwenyeji, na mlango wake unafunguka kwa mnyonge kwanza, unafungwa kwa mwenye nguvu kwanza.

Sasa tujipime. Malalamiko ninayoyasikia kijiji hiki na kile ni kinyume chake. Mama aliyejitwika kuni kavu anasimamishwa, anang'ang'aniwa panga lake. Mwenye gari na pesa ya kuzungumza anapita na mbao. Sisemi kila msimamizi wa misitu yuko hivyo, wapo waaminifu wanaolala kwenye baridi kwa ajili yetu, Allah awalipe. Lakini popote jambo hili linapofanyika, hapo imerudi hima ya Jahiliyya, hata kama bango limeandikwa "uhifadhi".

Na wewe uliyeniandikia kutoka mjini, uliyechoma mkaa kwenye jiko lako jana, tafadhali. Mkaa ule ulikuwa mti wa nani?

Tena sikiliza. Siku ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alitangaza utukufu wa mji ule: mti wake usikatwe, mnyama wake asifukuzwe. Hakuna hifadhi kubwa kuliko hiyo duniani. Ami yake Abbas (r.a.) akaomba: isipokuwa nyasi za idhkhir, kwa sababu watu wanazihitaji kwa makaburi na nyumba zao. Mtume (s.a.w.) akakubali papo hapo, akazitoa idhkhir katika katazo. Kama katika Makka yenyewe haja ya watu ilisikilizwa na ikataftiwa nafasi kwa jina la mmea wake, nani kasema msitu wa Lushoto ni mtukufu zaidi mpaka mama asisikilizwe habari ya kuni kavu?

Milima hii inakumbuka matokeo ya kutosikiliza. Baada ya Vita vya Pili, mwaka 1946, Waingereza walianza mpango wa kuokoa ardhi kule Mlalo: matuta kwa amri, masharti ya kulima, faini. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo si uongo. Lakini mkulima hakuulizwa, na mzigo wa jembe ukawaangukia zaidi wanawake. Watu wakagoma, wakaandamana, na kabla ya miaka ya 1950 kumalizika mpango umekufa. Hakuna anayeweza kuuhifadhi mlima huu kwa kupigana na watu wanaoishi juu yake.

TATU: NGURUWE, KIMA, NA HUKUMU YA SULAIMAN

Tuje kwenye kidonda. Msitu ukitunzwa, wanyama huongezeka. Wakiongezeka, hushuka. Kima anakula mahindi mabichi, nguruwe mwitu anafukua viazi usiku mmoja vikaisha. Baba analala kwenye dungu kwenye baridi ya Usambara, mtoto anakosa shule kwa kulinda shamba. Mtu huyu ukimwendea na semina ya bioanuwai atakuitikia kwa adabu, ukiondoka ataweka mtego.

Jambo hili si geni kwetu. Msambaa gani hajasikia kisa cha Mbegha? Amekiandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi: mwindaji aliyetoka Unguu, akafika Usambara, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na watu wakampa utawala. Tuiache nyama yake, sisi ni Waislamu na hukumu yake inajulikana. Chukua maana yake: wazee wetu walimpa ufalme yule aliyewalindia shamba. Mamlaka yaliyokuja bila kumlinda mkulima yasingekaa hata msimu mmoja.

Leo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Vizuri. Kama mnyama ana mwenyewe, basi Qur'ani ina kesi yake. Katika Surat al-Anbiya aya ya 78 na 79 tunasoma habari ya Daud na Sulaiman (a.s.) walipoamua juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wanaeleza kuwa Daud alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Sulaiman akaona njia bora zaidi: mwenye shamba achukue kondoo kwa muda, anufaike na maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa. Kisha kila mmoja arudishiwe chake. Allah akasema alimfahamisha Sulaiman hukumu hiyo, na wote wawili aliwapa hekima na elimu.

Tazama uzuri wake! Kondoo hawakuchinjwa, shamba halikuachwa, mkulima hakuambiwa "vumilia". Hasara ilitazamwa ikafidiwa, na mifugo ikabaki hai. Huu ndio uwiano tunaoutafuta kati ya watu na wanyama, na umo kwenye msahafu uliopo kwenye rafu yako.

Kwetu tuna kinachoitwa kifuta jasho na kifuta machozi, kwa kanuni za mwaka 2011. Lakini kanuni zile ziliwatazama wanyama hatari, kama tembo na simba. Mkulima wa milimani anayeliwa viazi na nguruwe na mahindi na kima, jasho lake linafutwa na nani? Hapo ndipo wawakilishi wetu waulizwe, kwa heshima na kwa sauti.

Na msiniambie haiwezekani. Nendeni Jozani, Unguja. Kima punju wa pale hawapatikani nje ya Zanzibar, nao huingia mashambani kula mazao. Sehemu ya mapato ya watalii imekuwa ikirudi vijijini, na wakulima wanaoliwa mazao wakatengewa fungu. Hakuna asemaye mambo yote pale ni sawa. Lakini msingi wake ni msingi wa Sulaiman: anayenufaika na mnyama amlipe anayelishwa hasara na mnyama huyo.

NNE: DORIA BILA FUNGU

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango unaoitwa usimamizi shirikishi. Una njia mbili, na Waislamu wa vijijini tunapaswa kuzijua kama tunavyojua nguzo za udhu, kwa sababu asiyejua haki yake huipoteza.

Njia ya kwanza ni msitu wa hifadhi wa kijiji, ulio kwenye ardhi ya kijiji. Hapo kijiji ndicho mwenyewe. Kinaweka kamati, kinatunga sheria ndogo, kinatoza faini, na mapato yanabaki kijijini. Njia ya pili ni ubia, msitu ukiwa wa serikali na wanakijiji wakisaidia kuulinda kwa mkataba. Misitu yetu mingi ya milimani ni ya kulinda vyanzo vya maji na viumbe, haivunwi mbao. Basi katika njia ya pili mwanakijiji anapewa doria, na akiuliza fungu lake anaambiwa faida ni hewa safi na mvua. Na mvua inamnyeshea vilevile yule asiyefanya doria!

Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kamati ya maliasili imelinda msitu miaka na miaka, jasho limekauka likatoka tena likakauka. Kisha tunashangaa mlinzi akigeuka kuwa mwonyesha njia wa wapasua mbao.

Na kuna dhulma nyingine, ya kutotofautisha. Kule Amani, Usambara Mashariki, wanakijiji walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kufuga vipepeo na kuwauza nje. Walihitaji miti ya asili ili vipepeo walishwe, kwa hiyo msitu ukawa na thamani ukiwa umesimama. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Katazo lilikuwa na sababu, vinyonga wetu na wengine walikuwa wanasombwa kwa magendo. Lakini aliyefuga kipepeo kwa halali na aliyeiba kinyonga wakafungiwa mlango mmoja. Hunayy hakuagizwa hivyo. Aliagizwa atofautishe.

Na faida ya viumbe wa Usambara ilianza kututoroka zamani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la urujuani la milima hii, likapelekwa Ujerumani. Mwaka 1893 likapewa jina lake. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Bibi zetu waliokuwa wakilipita kila siku wakienda kuchota maji hawakupata hata ndururu. Anayetuambia tuhifadhi kwa ajili ya dunia, atuambie pia dunia inaweka nini kwenye kikapu.

TANO: TUJIANGALIE MISIKITINI

Mpaka hapa umeshangilia, najua. Sasa kaa vizuri.

Kuni za pilau ya maulidi zilitoka wapi? Tunapika masufuria makubwa, tunamsalia Mtume (s.a.w.) mpaka alfajiri, na chini ya sufuria yanawaka magogo yaliyokatwa mahali palipokatazwa. Allah ni mwema na hakubali ila kilicho chema, na sadaka ya ghulul haikubaliwi. Hadithi hizo zimo katika Muslim, na sisi ndio tunaozifundisha.

Watoto wa madrasa wanaotumwa kuni za ustadh, wanatumwa wapi? Tukiwafundisha Alif asubuhi na wizi wa kuni jioni, watakumbuka lipi?

Mbao za mimbari na za kenchi, tuliuliza kibali? Au tulisema "nyumba ya Allah" tukafumba macho?

Na kinyonga. Wapo wanaomuua na kudhani wanapata thawabu. Hadithi ya kuua wazagha inamhusu yule mjusi mdogo wa ukutani ambaye Waswahili humwita mjusi kafiri. Kinyonga wa msituni hahusiki, hajakuuma, hana sumu, na pengine hana nchi nyingine duniani isipokuwa mlima wako. Yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka hakumuua kwa jiwe. Alimnyima chakula tu. Muogope Allah na jiwe lako.

SITA: BASI TUFANYE NINI?

Sipendi darsa inayoishia kwenye kulaumu. Haya ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

1. Kila msikiti ulio kando ya msitu uwe na mtu wake kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ajenda ya misitu isipite bila sisi. Tuulize mkataba uko wapi na unasema nini juu ya fungu letu. Kijiji chenye msitu kwenye ardhi yake kifuate taratibu uwe hifadhi ya kijiji kwa sheria.

2. Sheria ndogo ziandikwe kwa mpangilio wa Umar: kuni kavu na dawa, kwa siku zilizokubaliwa, waanze wajane, wazee na wasio na shamba. Msumeno wa mwenye pesa usiingie kabisa, hata akiwa ndiye aliyetununulia mazulia ya msikiti. Ibn Awf alikuwa bora kuliko yeye, na alizuiwa.

3. Mizinga ya nyuki iwekwe pembezoni mwa msitu kwa utaratibu wa wahusika. Asali inalipa mti ukiwa umesimama, na Allah ameita sura nzima kwa jina la nyuki.

4. Msikiti uwe na mfuko mdogo wa sadaka kwa aliyeliwa shamba na wanyama. Hautamaliza hasara, lakini utamzuia asiweke mtego usiku ule wa hasira. Na tuendelee kudai fidia kwa wenye dhamana.

5. Ardhi za wakfu za misikiti na madrasa zipandwe miti ya kuni, ili maulidi ijayo sufuria lipikiwe kwa kuni zetu. Apandaye mti, akila humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake, hata kima akiiba embe! Hadithi iko katika Bukhari na Muslim.

6. Khatibu azungumze. Kule kisiwa cha Misali, Pemba, wavuvi walikuwa wakitumia baruti na hawakuacha kwa mabango. Mwishoni mwa miaka ya 1990 masheikh waliingizwa katika kazi ya kufundisha uhifadhi kwa Qur'ani, na wavuvi wakasikia. Samaki wamepata khatibu. Mbega wa Usambara amekosa nini?

Ndugu yangu unayesoma, ukiwa una panga leo, jiulize kama hicho unachokwenda kukata ungekikata mchana mbele ya watu. Ukiwa una rungu la ulinzi wa msitu, jiulize leo umemzuia nani, Ibn Awf au mwenye kondoo wachache. Ukiwa una kalamu ya kutunga sheria, kumbuka kwamba Umar alikuwa na upanga na bado aliogopa dua ya mchunga kondoo.

Allah atujaalie kuwa wenye kuzifya shi, wala asitujaalie kuwa wenye kubana shi. Awape mvua ya heri watu wa Mlola na Lushoto yote, awalinde na maporomoko, awape subira wanaolala kwenye madungu usiku huu, na awafungulie riziki ya halali isiyohitaji kuukimbia mwanga. Amin.

Wafikishie na wengine, hasa kamati ya msikiti wako. Na mwenye swali aulize kwa adabu, tutajibizana kwa dalili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.